Waraka na Mwenye Kuuandika

Nimekuwa mtumishi wa serikali kwa miaka zaidi ya thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia masijala, mahali ambapo mtu hujifunza kufunga majalada kwa uzi na kuufunga mdomo wake pia. Mashairi nimeyatunga jioni. Elimu yangu ni ya kidato cha nne. Nayataja haya mapema kwa sababu nataka kuzungumzia jambo ambalo kwa desturi huachiwa wenye shahada, yaani namna ya kupanga na kuandika insha ya historia kwa kutegemea nyaraka, na msomaji ana haki ya kujua anayesema naye ni nani. Sisemi kama mwanahistoria. Nasema kama mmoja wa wale wanaozitengeneza hizo nyaraka ambazo wanahistoria huja kuzisoma baadaye.

Katika likizo ya Juni mwaka 2024, binti wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha tano, alikuja kukaa nasi hapa Babati akiwa na kazi aliyopewa na mwalimu wake wa historia. Kazi yenyewe ilikuwa ngeni kwangu. Sisi tulisomeshwa historia kwa imla: mwalimu alisoma, tukaandika, tukakariri. Hata wanafunzi wa leo, kwa nionavyo, wengi wao huuendea mtihani na utangulizi, hoja sita na hitimisho walivyovikariri, mithili ya mtu anayebeba kapu lililofungwa na mwingine, asijue ndani mna nini. Mwalimu huyu alitaka kitu tofauti. Kila mwanafunzi achague tukio la mahali anapokaa, atafute nyaraka zisizopungua tatu zinazolihusu, kisha aandike insha inayozaliwa na nyaraka hizo wala si na vitabu vya darasani.

Mpwa wangu alichagua mafuriko ya Ziwa Babati. Hakuniambia sababu, lakini haikuwa vigumu kuikisia. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikauangukia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Shuleni kwao walikuwamo watoto waliotoka huko. Mtoto aliyekaa bweni moja na msiba kama huo, akija Babati na kuliona ziwa likimeremeta karibu hivi na nyumba za watu, hana budi kuuliza kama limewahi kupanda. Limewahi. Hapa kwetu hutajwa mwaka 1964, na 1979, na 1990. Mafuriko ya 1990 niliyaona kwa macho yangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, karani wa daraja la chini kabisa, mwenye shati moja la kazini.

Jioni ya kwanza aliniletea kichwa cha insha: Historia ya Mafuriko ya Babati tangu Zamani hadi Leo. Nilimwambia kwamba hicho si kichwa, ni pori. Mtu haingii porini na kusema anatafuta kuni, asali, dawa na ng'ombe aliyepotea kwa safari moja. Insha ya historia yataka swali, na swali zuri ni lile ambalo nyaraka zaweza kulijibu, na pia zaweza kumkatalia mwulizaji. Alifikiri sana, akapika chai, akafikiri tena. Hatimaye aliandika: Katika mafuriko ya 1990, nani waliathirika, na nani walisaidiwa? Nikamsifu. Laiti ningalijua kwamba swali lile lilikuwa njiani kuja kwangu, pengine ningalimshauri achague jingine.

Baada ya swali hufuata kujua karatasi zinakaa wapi, na hapa ujuzi wa karani huupita ule wa msomi. Babati ya leo ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, lakini mkoa huu ulianza mwaka 2002. Kabla ya hapo tulikuwa chini ya Mkoa wa Arusha. Wilaya ya Babati nayo ilianza mwaka 1985, ilipomegwa kutoka Hanang. Na Hanang yenyewe ilitoka ubavuni mwa Mbulu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo anayetafuta habari za mafuriko ya 1964 kwa kuuliza jalada la Wilaya ya Babati atarudi mikono mitupu na kudhani hapakuwa na kitu. Aanzie Mbulu. Za 1979 azitafute kwa jina la Hanang, na za 1990 kwa jina la Babati, ila akumbuke kwamba barua zilipelekwa Arusha. Mji haukuhama hata hatua moja. Iliyohama ni anwani. Na akijaliwa kufika Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, aombe Kitabu cha Wilaya ya Mbulu, ambamo mabwana shauri wa Kiingereza, mmoja akimpokea mwenziwe, waliandika habari za nchi na watu kwa kadiri walivyoziona, au walivyopenda kuziona.

Mpwa wangu hakuwa na nauli ya Dar es Salaam. Alikusanya alichoweza: vipande vya magazeti alivyohifadhi mwalimu mmoja mstaafu, nakala ya ripoti ya watafiti wa Uswidi waliokuja kulichunguza ziwa baada ya mafuriko, na barua chache. Nilimfundisha kutengeneza vikaratasi, kila kimoja na habari moja tu, na juu yake aandike waraka uliotoa habari hiyo, mwandishi wake, aliyeandikiwa, na tarehe. Watoto wa siku hizi hupiga picha kwa simu na kudhani wamesoma. Picha si kusoma. Mkono unaponakili, akili hupata nafasi ya kushtuka.

Naye alishtuka mapema kuliko nilivyotarajia. Maandishi mengi aliyoyapata yalisema kwa sauti moja kwamba wakulima wamekata miti, udongo umeingia ziwani, na ziwa limepanda. Yamkini mna ukweli mwingi humo. Mimi mwenyewe nimeona vilima vikivuliwa nguo. Lakini walikuwapo na watu waliokwenda mbali zaidi, wakawataja wahamiaji waliotoka Kondoa. Huko, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, uliiondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka mwaka 1979, na wenye ng'ombe wengi wakaja upande wetu. Binti alivipanga vikaratasi vyake mkekani kwa kufuata miaka. Akatazama, akacheka.

"Mjomba, hawa waliokuja 1979 waliyaletaje mafuriko ya 1964?"

Nikamwongezea ninalolijua. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1961 ziliyapandisha maziwa mengi ya Afrika Mashariki. Ziwa Victoria peke yake lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Pale hapakuwa na Mrangi na ng'ombe zake. Hii haimaanishi kwamba miti haina kazi. Inamaanisha kwamba waraka husema mambo ya namna mbili, na msomaji asipoyatenganisha atapotea. Afisa anayeandika kwamba maji yalifika mlangoni mwake ni shahidi. Afisa huyohuyo akiandika kwamba maji yameletwa na watu fulani, hapo amelivua joho la shahidi na kulivaa la hakimu, na bado sahihi yake ni ileile na mhuri ni uleule.

Siku ya tatu nilimfungulia sanduku langu la bati. Humo nimeweka mashairi yangu ya ujana, mengine yaliyopata kutoka katika gazeti la Uhuru na mengi zaidi yasiyotoka popote. Vijana hawatajua jinsi karatasi ilivyokuwa adimu miaka ile. Sisi makarani tulichukua nakala mbovu za kaboni, zilizopigwa chapa upande mmoja tu, tukaandika mambo yetu nyuma. Nafahamu kanuni za utumishi zinasemaje kuhusu karatasi za ofisi kulala nyumbani kwa karani, nami sijitetei. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imeweka miaka 30 kuwa muda wa kuwafungulia wananchi nyaraka za serikali. Basi tuseme karatasi yangu ilikuwa imekwisha komaa.

Binti aliniletea karatasi hiyo ameishika kwa mikono miwili. Upande mmoja, kwa mwandiko wangu wa zamani, lilikuwapo shairi la beti saba juu ya mafuriko ya 1990. Upande wa pili, kwa wino wa kaboni uliofifia, ilikuwapo orodha ya wakuu wa kaya walioathirika katika mtaa mmoja wa kando ya ziwa: nambari, jina, kiwanja, mali iliyopotea. Chini palikuwa na jumla, iliyopigiwa mstari mara mbili. Na chini zaidi, kama ilivyo desturi ya wapiga chapa, palikuwa na herufi za kwanza za jina langu.

Furaha aliyokuwa nayo sikuweza kuizima usiku ule. Aliniambia kwamba ameupata waraka mkuu, wenye kichwa, tarehe na hesabu, uliotungwa siku chache baada ya tukio na mtu aliyekuwapo. Swali lake limejibiwa: walioathirika ni hawa. Shairi angelitia mwishoni, kama kachumbari.

Sikulala vizuri. Nitaeleza kwa nini, na nitajitahidi kueleza kwa utaratibu.

Fomu ile niliipewa na mkubwa wangu wa kazi, ambaye sasa ni marehemu. Ilikuwa na safu ya nambari ya kiwanja. Asiye na kiwanja hakuwa na safu ya kukaa, na wapangaji hawana viwanja. Lakini mkubwa wangu hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwamba nikimkuta mpangaji aliyepoteza kila kitu, nimwandike chini ya orodha kwa kalamu, naye atamtafutia njia. Orodha ile ndiyo iliyotumika kugawa mablanketi na unga, na baadaye ndiyo iliyotazamwa walipotafutwa wa kupewa viwanja vya mwinukoni. Nilizunguka na ubao wangu wa kuandikia katika tope la magotini, nikafika katika nyumba ya udongo iliyokuwa imelala chini ubavu. Mbele yake alisimama mama mmoja aliyepanga chumba humo. Jina lake silitaji, kwa kuwa wanawe wapo. Alikuwa akiuza maandazi na chai ya rangi, na makarani wa mishahara midogo alitukopesha hadi mwisho wa mwezi. Madeni yetu aliyaandika katika daftari la shule lenye jalada la kijani. Daftari lilikwenda na maji.

Nilimwona, naye aliniona. Kumwandika kungenilazimu kukaa naye na kuhesabu alichopoteza, na miongoni mwa alivyopoteza lilikuwamo daftari, na ndani ya daftari nilikuwamo mimi, kwa miezi miwili. Sikupanga ubaya wowote. Niligeuza ukurasa tu, nikaenda nyumba ya pili. Usiku huo, nikiwa nimekwisha kula, nilitunga shairi na kumtia mama yule katika ubeti wa nne, sufuria lake likielea kama mtumbwi. Watu walilipenda sana lilipozungushwa ofisini. Tazama basi: upande mmoja wa karatasi mama hayupo, upande wa pili yupo na anapendeza, na mkono ulioandika pande zote mbili ni mmoja.

Asubuhi, baada ya kupokea shikamoo yake, nilimwambia binti yote. Nilitarajia anionee huruma au anikasirikie. Hakufanya mojawapo. Alichukua daftari lake, akafungua ukurasa mpya.

"Basi, Mjomba, na wewe ni chanzo. Tuanze. Ulikuwa na umri gani?"

Alinihoji hadi adhuhuri. Nilisimama wapi, nilivaa nini miguuni, nani mwingine aliona, nani aliisoma orodha baada yangu. Kisha akanitega. Shairi lasema maji yaliingia usiku; ripoti ya ofisi yasema asubuhi; je, yaliingia lini? Nikacheka kwa aibu. Asubuhi ni saa ambayo afisa alifika, na ofisini jambo huanza pale afisa anapofika. Usiku, kwa upande wake, uliletwa na kina. Ubeti ule ulikwisha shika -ku katika mishororo yake yote, nami sikuwa tayari kuuvunja kwa ajili ya saa. Maji yaliingia alfajiri, watu wakienda kuteka maji ya kunywa. Akaandika kikaratasi: shairi, mashahidi wa vina. Sijui kama alikusudia kunidhihaki.

Nilipodhani amemaliza, alisema jambo ambalo halikunipendeza siku ile, na ambalo sasa naliona kuwa ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyosemwa katika kazi hii. Alisema hawezi kuandika habari ya mama yule kwa kunitegemea mimi peke yangu, kwa kuwa mtu anayejilaumu huongeza chumvi sawasawa na anayejisifu. Nikamkumbusha kwamba si yeye wa kwanza kuona hivyo. Mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walitumwa vijijini kuwasikiliza wazee waliovikumbuka Vita vya Maji Maji, kwa sababu majalada ya Wajerumani yalijua idadi ya risasi kuliko sababu za vita. Karatasi ya mwenye nguvu huhitaji mdomo wa asiye na karatasi.

Ikatafutwa familia ya mama. Mwenyewe alikwisha fariki. Binti yake mmoja alipatikana Magugu, katika njia ya Arusha, ambako hufanya biashara ya mchele. Mpwa wangu alikwenda na mama yake kwa basi. Mimi sikwenda, nilisema nina kazi ofisini, na kazi ilikuwapo, ingawa haikuwa ya siku hiyo.

Waliporudi jioni nilisomewa maelezo yote. Mwanamke yule alikuwa mtoto wakati wa mafuriko. Alikumbuka kwamba mama yake alikaa barazani pa ofisi siku tatu, na kwamba hawakupata blanketi wala kiwanja, ndipo wakahamia Magugu kwa ndugu. Kuhusu daftari alicheka, akasema mama aliyajua madeni yote kwa kichwa na hakulihitaji. Na kuhusu karani, alisema: karani alimwambia mama, "Utaandikwa kesho."

Sikumbuki kusema hivyo. Nimejitafuta sana ndani, sikupata. Nakumbuka nimegeuza ukurasa bila kusema neno. Katika maelezo yangu mimi ni mwoga aliyenyamaza. Katika yake mimi ni mwongo aliyeahidi.

Mpwa wangu aliona vibaya, akataka kuchagua moja na kuacha jingine ili insha isimame sawa. Nilimkataza, na Mungu ni shahidi kwamba haikuwa rahisi. Nikamtolea mfano wa Kilwa. Habari za wafalme wake wa kale zimetufikia kwa njia mbili, kwa maandiko ya Kiarabu na kwa kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552, na njia hizo hazipatani katika orodha ya wafalme. Wanaoijua kazi yao huziweka zote mbili mbele ya msomaji. Pale zinapogombana ndipo panapostahili kukaa kwa muda mrefu. Basi aliziweka zote mbili, moja chini ya nyingine, kila moja na jina la aliyeisema.

Hapo alivunja mpango wa kwanza, ule wa kwenda mwaka kwa mwaka kuanzia 1964. Alitandaza vikaratasi vyake upya mkekani, akavipanga kwa kufuata swali: kwanza orodha na jinsi ilivyotengenezwa, kisha waliomo, kisha wasiomo na jinsi tunavyojua kwamba walikuwapo, na mwisho sababu za mafuriko, kwa kifupi, maana hilo halikuwa swali lake. Vikaratasi zaidi ya nusu viliachwa kando. Aliumia kuviacha, hasa vile vya watafiti wa Uswidi vilivyomgharimu siku nzima. Nikamwambia kwamba hata shairi hujengwa kwa mishororo iliyofutwa. Insha ilianza na sentensi inayoieleza karatasi yenyewe, rangi yake, pande zake mbili, na herufi zilizo chini. Aliandika rasimu tatu. Kila sentensi yenye habari niliikuta imewekewa alama ya kalamu ya risasi kuonyesha waraka iliousimamia, na iliyokosa alama aliifuta au aliiandika kuwa ni dhana yake.

Siku moja kabla ya kurudi shuleni aliniomba niandike ushahidi wangu kwa mkono, niutie sahihi na tarehe, aambatanishe. Nilikaa mezani kwa fahari kidogo, maana kuandika ndiyo kazi yangu, mchana na usiku. Nikaandika: "Katika orodha iliyotajwa, majina ya baadhi ya wapangaji hayakuandikwa." Nikampa.

Aliisoma amesimama. Akachukua kalamu ya risasi, akalizungushia neno la mwisho, akaandika pembeni, kwa mwandiko mdogo: Na nani? Kisha akanirudishia karatasi, akaenda jikoni kumsaidia shangazi yake.

Nilikaa na karatasi ile hadi taa ikawashwa. Miaka thelathini na zaidi nimeandika barua za serikali, na humo mambo hayafanywi na mtu. Huamuliwa, husahauliwa, hupotea, hayaandikwi. Nikalikata neno lile kwa mstari mmoja, kwa namna ambayo bado laweza kusomeka, nikaandika juu yake: sikuyaandika. Halafu nikaendelea na habari ya daftari la kijani.